Chuma Kilichochomoka Katika Mpini

  Asubuhi hii chukua Biblia yako tufungue Kumbukumbu la Torati, mlango wa 19, na tutue katika mstari wa 5. Kama Biblia haiko karibu usihangaike, nitakueleza.

Musa yumo katika habari za miji ya makimbilio. Anataka watu waelewe mji wa namna hiyo ni wa nani, basi awapa mfano mmoja tu, na mfano wenyewe si wa vita wala wa wafalme. Ni mfano wa wakata miti. Majirani wawili wameingia msituni pamoja. Mmoja ainua shoka lake ili aangushe mti. Chuma chachomoka, chamfikia mwenzake, na mwenzake afa. Hawakuwa na ugomvi. Hapakuwa na kesi ya mpaka wa shamba kati yao, wala deni. Walitoka nyumbani wawili, akarudi mmoja.

Sisi wahubiri twaupita mstari huu upesi, kwa kuwa twamkimbilia Kristo aliye kimbilio letu, na hilo ni sawa. Lakini leo nataka tukae kidogo na lile shoka.

Katika nyanda zetu za juu, toka Limuru hata Kirinyaga, toka Kericho hata Kakamega, mtu mwenye ekari mbili huwa ameacha pembe moja iwe ya miti. Pengine ni mikaratusi arobaini nyuma ya zizi. Pengine ni migrevilea iliyosimama mstari mpakani, ile ambayo Kirinyaga na Murang'a huitwa mikima. Pengine ni saipresi chache alizopanda baba mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake. Mingi ya miti hii ni migeni kama chai ilivyo ngeni. Mgrevilea kwao ni mashariki ya Australia, ukaletwa uwe kivuli cha kahawa na chai. Mkaratusi uliletwa mwaka 1902, ili gari la moshi lipate kuni. Leo hakuna anayeuita mgeni, ila yule ambaye chemchemi yake imekauka kwa sababu aliupanda karibu mno na maji.

Kupanda miti twahimizwa sana, na ni vyema. Profesa Wangari Maathai alianza kazi ile ya miche pamoja na akina mama mwaka 1977, na dunia ikamheshimu kwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Kanuni za kilimo za mwaka 2009 zikamtaka mwenye shamba atunze miti katika sehemu isiyopungua moja ya kumi ya ardhi yake. Watu wakapanda. Makanisa yakapanda, na Jumapili nyingine twatoka ibadani kila mtu na mche wake mkononi. Juu ya kutunza miti hiyo twasema machache. Juu ya kuikata hatusemi kitu, kana kwamba mti ukiisha kupandwa utakaa hivyo hivyo mpaka Bwana arudi.

Haukai. Mgrevilea usipopunguzwa matawi hufunika mahindi ya jirani, na hapo mashauri ya mpaka huanza. Mikaratusi iliyobanana yataka kupunguzwa, iliyo myembamba itoke kwanza ili iliyo minene ipate nafasi. Tena mkaratusi ukikatwa vizuri huchipua: acha kisiki kifupi, kiasi cha kiganja cha mkono, ukikate kwa mteremko ili maji ya mvua yasituame juu yake, na baadaye uchague machipukizi mawili au matatu yaliyo na nguvu, mengine uyatoe. Saipresi haichipui. Ukiikata imekwisha, panda nyingine. Haya ni mambo ambayo wazee wetu waliyajua kwa panga na shoka, nasi tulio na kazi nyingine, walimu, makasisi, makarani waliostaafu, twayafanya Jumamosi asubuhi, kwa furaha kabisa. Mimi mwenyewe nina robo ekari ya miti nyuma ya nyumba, na sijui mahali pengine ambapo hotuba ya Jumapili hunijia kwa urahisi kama pale.

Lakini siku hizi shoka limekaa kona. Umekuja msumeno wa injini, ule ambao kila mtu humwita pawa-so. Kazi ya siku mbili huimaliza kabla ya chai ya saa nne. Na pale mnyororo wake unapozunguka kwa nguvu zote, meno yale hupita kwa mwendo wa mita 20 hivi kwa kila sekunde, yaani kama gari lililo katika barabara kuu. Shoka la Musa liliweza kuchomoka mara moja. Hili lina makumi ya meno, na kila jino ni shoka dogo.

Basi sikiliza jambo lililonifanya niuchague mstari huu. Miaka michache iliyopita nilimzika kijana ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka ishirini na mitano. Sitamtaja jina wala kijiji, maana mama yake husikiliza redio. Alikuwa kijana wa kazi za mkono, mwenye bidii, mwimbaji wa sauti ya chini. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na pawa-so, akampa aende akaangushe mikaratusi mitatu ya mjane, kisha malipo wagawane. Kijana alikuwa amejifunza kwa kutazama wengine, na kwa zile picha za video zilizo katika simu. Alivaa ndara.

Wawili waliokuwapo walinieleza. Mti wa kwanza ulianguka vizuri. Wa pili haukufika chini. Ulilala juu ya mgrevilea uliokuwa karibu, ukanasa, ukabaki umeegemea kama mlevi begani mwa rafiki yake. Walijaribu kuuvuta kwa kamba, ukakataa. Ndipo kijana alipoona njia iliyo fupi: aukate ule mgrevilea unaoushikilia, vyote viwili vishuke pamoja. Akaingia chini yake. Vilishuka pamoja kweli.

Kwenye mazishi, wasemaji wanne kati ya watano walisema maneno yale yale tunayosema siku zote: kazi ya Mungu haina makosa. Nami nilikuwa nimesimama pale na joho langu, nikayasikia, nikaona mama wa marehemu akitikisa kichwa kwa kukubali, kwa kuwa mtu aliyeishiwa nguvu hukubali kila neno. Ndugu msikilizaji, neno hilo ni la kweli. Kazi ya Mungu haina makosa. Lakini kuukata mti unaoshikilia mti mwingine juu ya kichwa chako, hiyo ni kazi ya nani? Na kumpa mtu chombo ambacho hakuna aliyemfundisha kukitumia, je, hiyo nayo tumwandikie Mungu?

Twamtwisha Mwenyezi Mungu mizigo mingi iliyo yetu. Twafanya hivyo kwa huruma, najua, ili tusimjeruhi aliyefiwa, na ili mwenye msumeno asitazamwe na watu wote pale kaburini. Hata hivyo, kama ajali ile ni kazi ya Mungu tu, basi hakuna la kujifunza, na Jumamosi ijayo kijana mwingine atavaa ndara zake aende.

Torati haikusema hivyo. Rudi katika mfano wa Musa uone. Aliyeinua shoka si muuaji, na mlipiza kisasi hana haki ya kumgusa. Akimbilie mji: Kedeshi, au Shekemu, au Hebroni, au mmoja wa ile mitatu iliyo ng'ambo ya Yordani. Tena Musa aagiza njia iendayo huko itengenezwe, ili mtu asichelewe. Hiyo ni rehema kubwa. Lakini angalia kwamba hakuambiwa arudi nyumbani akalale. Alikwenda kuishi mbali na shamba lake, na kitabu cha Hesabu, mlango wa 35, chasema alikaa huko mpaka kuhani mkuu afe. Kifo cha jirani kilikuwa na uzito, hata pale ambapo hapakuwa na chuki. Damu ya mtu haikufutwa kwa kusema ilikuwa bahati mbaya.

Katika Kiebrania mstari ule una jambo moja la kupendeza. Neno lililotumika kwa mti unaokatwa ndilo hilo hilo lililotumika kwa mpini. Chuma kilitoka katika mti, lakini mti upi? Ule wa mkononi, au ule wa msituni? Waalimu wa Kiyahudi walishindana juu ya hilo, na mashindano yao yameandikwa katika Mishna, ile iliyokusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Wengi walisema maana yake ni chuma kilichotoka katika mpini. Rabi Yuda akasema hapana, maana yake ni kitu kilichoruka kutoka katika gogo lenyewe linalopasuliwa. Nikiwa chuoni niliona ni mabishano ya wasomi wasio na kazi. Leo naona walikuwa watu waliowahi kupasua kuni. Maana hatari iko katika pande hizo mbili kweli: iko katika chombo ulichoshika, na iko katika mti unaoukata, na mtu mwenye busara huvitazama vyote viwili kabla hajaanza.

Chombo kwanza. Mwenye shoka hulitazama mpini kila asubuhi: je, kabari yake imekaa, je, kichwa chatikisika? Akiona chatikisika hulitia majini usiku kucha mti uvimbe, au bora zaidi agonge kabari mpya. Mwenye pawa-so ana mengi zaidi ya kutazama, na yote huchukua dakika kumi. Injini ikiwa imezimwa, na mkono ukiwa na glavu, uvute mnyororo: uzunguke bila kukwama, lakini usining'inie chini ya ule upanga wa chuma unaoubeba. Kisha breki, ile iliyo mbele ya mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo itakayousimamisha mnyororo siku msumeno utakapokurukia. Na kurukia hurukia, hasa pale ncha ya juu ya upanga inapogusa tawi ambalo hukuliona. Hupiga teke kuelekea usoni, upesi kuliko jicho linavyofumba. Kama breki haishiki, siku hiyo hakuna kazi. Iwashe injini, uiache ingurume polepole bila kuvuta moto: mnyororo haupasi kuzunguka hata kidogo. Ukizunguka wenyewe, peleka kwa fundi.

Tazama pia kinachotoka kwenye mti. Msumeno mkali hutupa vibanzi. Msumeno butu hutoa unga kama wa mahindi, nao humfanya mtu asukume kwa mwili wake wote, na mtu anayesukuma ndiye ateleze. Mhubiri, katika mlango wa 10, aliliona jambo hili zamani sana juu ya chuma butu na nguvu nyingi. Tupa ya duara si ghali. Noa kila jino kwa idadi ile ile ya mipigo, ukifuata pembe iliyochorwa juu ya jino lenyewe. Na petroli yake huchanganywa na oili: mashine nyingi za siku hizi hutaka mililita 20 kwa kila lita, nyingine hutaka 40, soma kitabu chake usifuate la jirani. Usiijaze ikiwa bado ni moto, wala usiiwashe pale pale ulipoijazia. Sogea hatua kadhaa.

Halafu mwili wako. Kofia ngumu, kwa kuwa matawi makavu huanguka bila kupiga hodi. Miwani ya kukinga, maana kibanzi katika jicho si mfano tu. Viziba masikio, kwa sababu kelele ya mashine hii hupita desibeli 100, na masikio huanza kuharibika kwa kelele ya 85 ikiendelea kutwa. Buti zilizo ngumu, na suruali ile ya kukata miti iliyo na nyuzi ndani za kuunasa mnyororo kabla haujafika mguuni. Mtaniambia, Kasisi, vitu hivyo ni ghali. Ni kweli. Pima basi mguu ni bei gani.

Sasa mti wenyewe. Tembea uuzunguke. Tazama umeegemea wapi, upepo watoka wapi, kileleni kuna tawi lililokufa au la, na nyaya za stima ziko wapi. Watu wote wasimame mbali kiasi cha urefu wa miti miwili, na hasa watoto, ambao huja kwa sauti ya injini kama nyuki kwa ua. Fyeka njia yako ya kukimbilia, ielekee nyuma kwa mshazari. Naam, hata mkata miti ana njia yake ya makimbilio, nayo hutengenezwa kabla. Fungua mdomo upande unaotaka mti uangukie, usizidi robo ya unene wake, kisha ukate kutoka nyuma. Usikate mpaka mwisho. Acha kipande cha mti katikati kisichokatwa, kiwe kama bawaba ya mlango. Mti wa sentimita 30, mwachie bawaba ya sentimita 3. Bawaba hiyo ndiyo inayouongoza mti. Anayeikata yote amekwisha kuuacha mti ujichagulie njia.

Na ukinasa juu ya mwingine, toka chini yake. Usiupande. Usiukate unaoushikilia. Funga mahali hapo kwa kamba watu wasipite, uende umtafute mwenye ujuzi na winchi au trekta, hata kama ni kesho, hata kama ni Jumatatu. Mti ulionasa hauna haraka. Kijana niliyemzika alikuwa na haraka kwa sababu malipo yalikuwa ni kwa mti, wala si kwa siku.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, kwa mwenye chombo. Maana wengi wetu hatutashika pawa-so maishani. Tutamwita kijana. Tutamwazima mtu mashine yetu. Je, hapo mkono wetu u safi?

Katika Wafalme wa Pili, mlango wa 6, wanafunzi wa manabii walikuwa wanakata miti kando ya Yordani ili wajenge bweni lililo kubwa zaidi, na chuma cha shoka la mmoja kikatumbukia majini. Alilia sana, kwa kuwa shoka lilikuwa la kuazima. Elisha akauliza kilianguka wapi, na chuma kikaelea. Ni habari njema, nami huipenda. Lakini kila niisomapo hujiuliza juu ya mtu ambaye Biblia haimtaji, yule aliyeliazimisha shoka. Je, aliutikisa mpini kabla hajampa kijana wa chuo? Pale Yordani chuma kilipokewa na maji. Katika mfano wa Musa kilipokewa na mtu.

Na Kutoka, mlango wa 21, watufikisha mbali zaidi. Ng'ombe akimuua mtu kwa pembe, na hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe amezoea kupiga pembe, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga, hapo neno ni jingine kabisa. Tofauti yote iko katika kujua. Mashine ambayo breki yake imekufa, na mwenyewe ajua, ni ng'ombe wa namna hiyo. Kijana ambaye hakufundishwa, nawe wajua, ukamwambia, nenda tu, utazoea, huyo nawe umemfungulia zizi. Hata sheria ya nchi yetu yatembea njia hiyo: sheria ya mwaka 2007 juu ya fidia ya wanaoumia kazini inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya watu wake. Twaisikia sheria hiyo twafikiria viwanda vya Nairobi. Ifikirie pia unapomwita kijana asubuhi akukatie mti kwa ujira.

Mama mjane unayesikiliza, hasa wewe ambaye mti umeinamia paa la jiko lako, sisemi haya nikuongezee woga. Wewe huna mashine, wala hukumpa mtu amri ya kuingia chini ya mti. Hata yule mama wa ile mikaratusi mitatu nimemwambia hivyo mara nyingi, naye bado hapiti upande ule wa shamba. Lako ni kuuliza maswali mawili kabla hujakubaliana bei: nani amekufundisha, na kofia yako iko wapi? Akicheka, mwache aende. Mwombe mzee wa kanisa au mtu wa ofisi ya misitu iliyo karibu akutafutie mwingine. Usiku wenye upepo, hamisha kitanda kutoka upande huo. Si haya kufanya hivyo.

Mtapenda kujua habari za mwenye ule msumeno. Alikaa miezi saba bila kukaribia Meza ya Bwana. Nilikwenda kwake mara nyingi, twanywa chai, twasema habari za ng'ombe. Siku aliyouliza, nilimwambia mambo mawili, na yote mawili nilitaka ayashike pamoja. Nilimwambia, mzee wangu, wewe si muuaji, na yeyote akuitaye hivyo amesema uongo mbele za Mungu. Kisha nikamwambia, lakini ulijua kijana hajafundishwa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Akasema, ndiyo, nilijua. Nami naamini kwamba siku ile aliposema neno hilo ndipo alipoingia lango la mji wa makimbilio. Watu walikuwa wamemwambia kwa miezi saba kwamba ilikuwa kazi ya Mungu, na usingizi haukuja.

Alirudi Mezani. Sasa humlipia karo ndugu mdogo wa marehemu, wala hakuagizwa na baraza la kanisa. Mama wa marehemu hupokea. Mjomba wa marehemu bado hajampa mkono, na akimwona njiani huvuka barabara. Sisemi kwamba mjomba ni mtu mbaya. Torati yenyewe ilimjua mtu huyo, mwenye damu iliyochemka, ndiyo maana ikaagiza njia ya kwenda mjini iwe nzuri. Namwombea naye.

Ile pawa-so haikuuzwa. Mwenyewe aliitoa kwa wanaume wa parishi, kwa masharti aliyoyaandika kwa mkono wake: haitoki kwenye kabati bila kofia, miwani na buti kutoka nayo, huitumia watu watatu tu, wale waliofundishwa na fundi wa kiwanda cha mbao kwa siku mbili, hakuna anayekwenda peke yake, na malipo ni kwa siku, si kwa mti. Jumamosi hii wanakwenda kwa mama mmoja kuondoa msaipresi uliokauka, nami nitakuwapo, kazi yangu ikiwa ni kuwazuia watoto mbali.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemjua fundi seremala wa Nazareti, uwatazame wote watakaoingia katika miti juma hili, wa shoka na wa injini. Wape macho ya kuona tawi lililokufa, na moyo wa kuiacha kazi hata kesho. Umkumbuke mama aliyemzika mwanawe. Umkumbuke mtu yule asiyelala kwa sababu ya jambo alilolifanya bila kukusudia, umfungulie lango. Na mjomba, Bwana, umkumbuke. Amina.